Mwanya Usiofika Pikseli Moja

Mama aliweka kidole gumba juu ya mdomo wa mwanawe, kwenye karatasi ya A3 iliyotoka kwenye printa dakika chache tu zilizopita, akauliza:

"Mwanya wake uko wapi?"

Ilikuwa Ijumaa, saa tatu asubuhi, dukani kwangu Sinza. Gari la kupeleka msiba Rombo lilikuwa liondoke saa kumi jioni. Nilikuwa nimekesha na picha ile hadi saa nane usiku, na mpaka mama anaingia mlangoni niliamini ni kazi nzuri kuliko zote nilizofanya mwaka huu. Ngozi imetulia. Macho yanang'aa. Kola ya shati ungeweza kuhesabu nyuzi zake. Meno meupe, yamepangika sawasawa, hakuna lililomwacha mwenzake.

Hapo kwenye meno ndipo palipoharibika.

Dada wa marehemu alisogea, akaitazama picha, akanitazama mimi, kisha akasema taratibu kama mtu anayeogopa kunikwaza: "Kaka, huyu kafanana naye."

Kafanana naye.

Neno hilo nimelala nalo na kuamka nalo kwa wiki nyingi. Ndiyo maana leo nimekaa kuandika.

## Alichokuja nacho

Alikuja Alhamisi jioni, kanga mbili, moja kiunoni na moja begani, macho mekundu.

"Shikamoo mama."

"Marahaba mwanangu. Nakuomba unitolee picha kubwa ya mtoto wangu. Ya kuweka mbele ya jeneza."

Mwenye steshenari yeyote katika mji huu anaijua kazi hiyo. Picha ya fremu, ratiba ya ibada, wakati mwingine na fulana za familia. Inakuja kwa haraka na inaletwa na watu ambao hawajalala. Huulizi maswali mengi. Unapokea simu, unahamisha picha, unaanza.

Nilipoifungua kwenye kompyuta moyo ulishuka.

Ilikuwa skrinshoti. Rafiki mmoja wa marehemu aliweka kwenye stetasi picha ya vijana watano siku ya mahafali, wamevaa majoho, wanacheka. Shangazi akaiwahi kwa skrinshoti kabla haijatoweka, akakata kingo, akaitupia kwenye kundi la familia. Kutoka kwenye kundi ikaingia kwenye simu ya mama. Kufika kwangu ilikuwa imebaki na pikseli 720 kwa 540, yaani vile vijiraba vidogo vya rangi vinavyoijenga picha, na ndani yake wako watu watano. Niliikuza mpaka vijiraba vikaonekana, nikahesabu uso wa kijana yule kutoka sikio hadi sikio.

Pikseli 50.

Nikauliza kama kuna picha nyingine. Simu ya kijana mwenyewe ilipotea siku ya ajali. Zilikuwepo za kitambulisho, lakini mama alizikataa bila hata kunionyesha. "Hizo kanuna. Mwanangu alikuwa mtu wa kucheka."

Kisha akanisogezea simu yake na kuniuliza swali ambalo nimeulizwa mara nyingi, lakini safari hii sikuweza kulijibu kwa wepesi: "Mbona hapa anaonekana vizuri?"

Na kweli alionekana vizuri. Kwenye skrini ile picha nzima ilikuwa na upana wa sentimita 6 na nusu, na uso wa kijana ulikuwa na ukubwa wa choroko. Pikseli 50 zilizobanana ndani ya choroko moja ni nyingi mno, jicho haliwezi kuzitenganisha. Mama alimwona mwanawe mzima, anacheka, na mwanya wake.

Sikujua bado kwamba mwanya ule alikuwa anauona yeye peke yake.

## Donge moja la chapati

Nimeshajaribu kuwaeleza wateja jambo hili kwa njia nyingi, na iliyosaidia zaidi ni ya chapati. Pikseli ulizonazo ndizo donge lako la unga. Ukilisukuma likawa dogo, chapati ni nene na imeshiba. Ukilisukuma lienee sinia zima, unga ni uleule, chapati imekuwa nyembamba mpaka unaona meza chini yake. Namba ya nukta kwa inchi, ile 72 au 300 ambayo watu hubishania sana, inasema tu umeisukuma kwa wembamba gani. Haikuongezei unga.

Kuna vijana wa usanifu huniletea faili wakisema, "Nimeshaibadilisha kuwa 300, bro." Walichofanya ni kuandika 300 kwenye kisanduku. Kama hawakuiambia programu ihesabu pikseli upya, picha haijabadilika hata chembe. Kama waliiambia, wamepata pikseli nyingi ambazo kamera haikuziona kamwe, na hilo ni baya zaidi kwa sababu sasa faili linaonekana kubwa na mtu anaacha kuwa na wasiwasi. Hiyo 72 yenyewe ni urithi wa skrini za Macintosh za mwaka 1984, ambazo ziliweka pikseli 72 kwenye inchi moja ili zilingane na pointi, kipimo cha herufi cha wachapaji. Simu iliyoko mfukoni mwako haihusiani nayo kabisa.

Ile 300 ina asili nyingine. Inatokana na jicho. Mtu mwenye macho mazima huweza kutenganisha vitu viwili vilivyoachana kwa sehemu moja ya sitini ya digrii. Ukishika karatasi sentimita 30 kutoka usoni, hiyo ni chini kidogo ya sehemu moja ya kumi ya milimita, yaani karibu nukta 290 kwa inchi. Wakaifanya 300. Ukirudi nyuma hadi mita 3, nukta 30 zinatosha. Ndiyo maana bango la barabarani ukilisogelea na pua unaona madoa matupu, na ukiwa ndani ya daladala unaona sura ya mgombea.

Hesabu hii ya umbali niliijua vizuri siku ile. Niliisahau kwa sababu nilikuwa na haraka ya kutoa kitu kizuri.

Kwenye A3, uso wa kijana ungekuwa na upana wa sentimita 10. Pikseli 50 juu ya sentimita 10. Kila pikseli milimita 2, ukubwa wa punje ya ulezi. Mama alitaka nimchoree mwanawe kwa punje za ulezi, na watu wapite karibu na jeneza wakimtazama.

## Usiku ule

Kwanza nilifanya kama tunavyofanya siku zote. Kuna njia ya kukuza picha ambayo inarudia tu kila pikseli mara nyingi, na unapata vigae. Kuna inayochukua pikseli nne jirani na kupata wastani wake, na unapata ukungu. Kuna inayotazama majirani 16 na kuchora mkunjo laini kati yao, ambayo ndiyo wengi wetu tunaitumia, na unapata ukungu wenye adabu. Zote tatu zina uaminifu wa aina moja: hazijui kwamba hiki ni kinywa na hiki ni kitambaa. Zinajua namba na majirani zake.

Ukungu ule ulikuwa na shida juu yake. Picha ilikuwa imebanwa kwa JPEG, njia ya kawaida ya kupunguza uzito wa faili la picha, tena zaidi ya mara moja, kwa sababu kila mkono iliopitia uliiminya kidogo. JPEG inaikata picha katika viboksi vya pikseli 8 kwa 8, kisha kila kiboksi inakieleza kwa mawimbi machache na kutupa yale madogo ambayo jicho lisingeyajali. Hesabu iliyo nyuma yake ilichapishwa mwaka 1974 na Nasir Ahmed, mzaliwa wa India, pamoja na wenzake wawili, na kiwango chenyewe kilipitishwa mwaka 1992. Ni kazi ya ajabu, bila hiyo bando lako lingeisha kabla ya saa nne asubuhi. Lakini uso wa pikseli 50 una viboksi sita tu kwa upana. Ukiukuza, mipaka ya viboksi inaanza kuonekana shavuni kama mshono.

Saa tano usiku nikakata tamaa. Nikafungua programu ya kukuza picha kwa akili mnemba.

Sitasahau dakika ile. Mstari ulitembea kutoka kushoto kwenda kulia, na nyuma yake ukungu ukawa mtu. Kope. Nywele za nyusi. Kivuli chini ya pua. Nilijikuta nimesimama. Niliwaza, mama atamwona mwanawe tena.

Nikatumia saa tatu nyingine kurekebisha rangi, kwa sababu wino wa printa hunywa weusi wa ngozi na kuufanya tope usipouangalia. Sikuuliza hata mara moja zile kope zimetoka wapi.

Nilipaswa kuuliza. Mwaka 2020 watafiti wa Chuo Kikuu cha Duke, Marekani, walitoa programu iliyokuwa inachukua picha ndogo yenye vijiraba na kutengeneza uso mkali unaolingana nayo. Watu wakaipa picha ya Barack Obama iliyopunguzwa sana, picha ambayo wewe na mimi tungemtambua papo hapo. Ikarudisha mzungu. Mjadala ulikuwa mkubwa, niliusoma wakati ule, na nikauweka akilini kama habari ya Marekani kuhusu ubaguzi wa data. Kweli ulikuwa huo. Lakini ndani yake mlikuwa na jambo la kazi yangu ya kila siku. Watafiti wale hawakuficha kwamba programu yao haimtambui mtu wala haimrudishi. Inatengeneza uso ambao, ukiupunguza, utapata vijiraba vilevile. Na nyuso za namna hiyo ni nyingi mno. Programu inachagua mmoja, kutokana na nyuso ilizofundishwa nazo.

Ile ya kwangu ilichagua kijana mzuri. Mweusi, mwenye umri uleule, anayecheka. Meno yamepangika.

## Hesabu ya mwanya

Siku zilizofuata nilikaa na karatasi na kalamu.

Uso wa mtu mzima una upana wa milimita 140 hivi. Mwanya wa wastani, ule ambao bibi zetu wangeusifia, una milimita 2. Sehemu moja ya 70 ya uso. Kwenye picha ya mama uso ulikuwa na pikseli 50. Gawanya 50 kwa 70.

Sifuri nukta saba.

Mwanya wa kijana yule haukufika hata pikseli moja. Kilichokuwepo ni pikseli moja katikati ya safu ya meno ambayo weupe wake ulikuwa umefifia kidogo kuliko wa jirani zake, kwa sababu ndani yake mlikuwa na giza la mwanya na weupe wa meno, vimechanganywa. Nilirudi kwenye faili la mwanzo nikaitafuta. Ilikuwepo. Kijivu kidogo tu. Mtu asiyemjua asingeijali, na mashine iliiona kama uchafu wa JPEG, ikausafisha.

Hilo ndilo limeniuma zaidi ya yote. Kwa maana kulikuwa na dalili. Katika picha iliyopita simu ya rafiki, stetasi, skrinshoti ya shangazi na kundi la watu mia, pikseli moja iliendelea kushikilia kwamba kijana huyu alikuwa na mwanya. Mimi ndiye niliyeifuta.

Picha ya kwanza kabisa kusomwa na kompyuta kwa skana ilikuwa ya mtoto, na aliyeiingiza ni baba yake. Mwaka 1957 Russell Kirsch, mhandisi wa taasisi ya vipimo ya serikali ya Marekani, alichukua picha ya mwanawe mchanga, Walden, akaipitisha kwenye skana aliyoitengeneza na wenzake. Ilitoka na pikseli 176 kwa 176. Nimeitazama tena juzi. Ina vijiraba, haina rangi, macho ni vidoa viwili vyeusi. Nilikuwa nikiiona kama kituko cha historia. Sasa naiona kama picha ya mtoto ambaye baba yake alimpa pikseli nyingi kuliko tulizompa sisi kijana wetu mwaka huu.

## Hatua nane kutoka mlangoni

Nirudi kwenye ile Ijumaa.

Nilimweleza mama ukweli. Si wote, kwa sababu wakati ule sikuwa nimeshaufikiria wote. Nilimwambia kompyuta ilijaza sehemu ambazo picha haikuwa nazo, na ilijaza kwa kubahatisha.

"Kwa hiyo mwanya haupo?"

"Upo kwenye simu iliyopiga ile picha, mama. Hapa haukufika."

Alinyamaza. Dada akasema labda niuchore tu, kistari kidogo katikati ya meno, nani atajua. Nikiri kwamba nilishika kipanya. Ningeweza. Sekunde 20, brashi ndogo, kivuli laini, na mwanya ungekuwepo. Lakini ungekuwa mwanya wangu, kwenye uso wa mashine. Nikaondoa mkono.

Nilifungua upya lile faili bovu, lenye ukungu. Nikalikuza kwa njia ya kawaida, nikalainisha kidogo mishono ya viboksi, nikaacha kila kitu kingine kama kilivyo. Nikatoa picha ya sentimita 13 kwa 18. Ukiishika mkononi ilikuwa ya kusikitisha. Mama aliitazama kwa karibu, akatikisa kichwa.

Hapo ndipo nilipokumbuka umbali.

"Mama, simama hapo hapo." Nikaichukua picha, nikatoka nje, nikapita kibaraza, nikasimama karibu na mtaro. Hatua nane hivi. Nikaigeuza kwake.

Kwa ukubwa ule kila pikseli ilikuwa na milimita 1 na kidogo. Kuanzia mita 4 kwenda nyuma jicho haliwezi tena kuzitenganisha. Ukungu unafungana. Hii ni fizikia tu, naijua. Lakini sikuwa nimejiandaa kwa sura ya mama pale ndani.

"Ndiye," alisema. Kisha kwa sauti, mpaka muuza matunda wa jirani akageuka: "Ndiye huyo!"

Nilipobaki peke yangu nilijaribu kuelewa kilichotokea. Kwenye ile A3 mashine ilikuwa imejaza kila pengo, kwa hiyo mama hakuwa na pa kuweka chake. Kila unyoya wa nyusi ulikuwa ukimwambia habari ya mtu mwingine, na yeye alikuwa anabishana nao. Kwenye ile ndogo yenye ukungu hapakuwa na wa kubishana naye. Mwanya alikuwa nao yeye, miaka 26, tangu meno ya utotoni yalipong'oka.

Tuliiweka ile ndogo katikati ya fremu ya A3, na karatasi nyeupe pana pembeni yake. Wasiwasi wa mama ulikuwa watu wa nyuma hawatamwona. Nikamwambia wa nyuma ndio watakaomwona vizuri zaidi. Ile kubwa niliichana mbele yao. Hela yake sikuchukua.

Je, nilikuwa na haki ya kuichana? Hilo nalo limenisumbua. Jirani yangu wa duka la fremu, mtu ninayemheshimu, aliniambia nimekosea: wapo wafiwa ambao wangeipenda ile ya kupendeza, na kama picha inamfariji mtu, fundi ni nani aseme siyo yeye. Sina jibu la kumnyamazisha. Ninachojua ni kwamba picha ya msiba haibaki msibani. Inapelekwa sebuleni, inatundikwa miaka 30. Wajukuu wanaikuta. Kufikia hapo mama hayupo wa kuweka kidole gumba na kuuliza. Kijana yule angekuwa na meno yaliyopangika daima.

## Niliyoyatupa mimi

Nisijifanye mtu safi. Miaka kadhaa nyuma nilitengeneza tovuti ya wapiga picha wa harusi. Picha zao zilikuwa pikseli 6000 kwa 4000, megabaiti nyingi kila moja, na ukurasa wa kwanza ulichukua muda mrefu mno kufunguka kwenye simu. Watu wanaingia kwa bando la siku, huwezi kuwamwagia picha ya kuchapa bango ili waione kwa upana wa kiganja. Kazi ya kupunguza ni kazi ya heshima, mimi naiona hivyo. Unachukua kile tu ambacho skrini itaonyesha, unaacha msomaji abaki na salio lake.

Kwa hiyo nilizipunguza zote hadi 1200 kwa 800. Kila pikseli iliyobaki ilikaa badala ya 25. Nilifanya kwa uangalifu wote. Kwenye picha za mama wa bibi harusi, amevaa kikoi chenye mistari myembamba, jaribio la kwanza lilitoa mawimbi ya ajabu kwenye kitambaa, kama maji yanayotikisika, kwa sababu programu iliokota pikseli moja kila baada ya tano na kuruka mistari iliyo katikati. Nikarudia kwa njia inayopata wastani kwanza, mistari ikatulia. Nilifurahi. Nikahifadhi.

Nikahifadhi juu ya zile za mwanzo.

Sikuwa na nakala. Wapiga picha walishafuta kadi zao kwa sababu waliamini mimi ninazo. Miezi minne baadaye bibi harusi akaja anataka albamu yenye kurasa za sentimita 30 kwa 30, na mimi nina pikseli 800 za kujaza upande mmoja. Aliipata albamu, nyembamba, picha ndogo ndogo. Alikuwa mstaarabu kuliko nilivyostahili.

Tangu siku hiyo kompyuta yangu ina folda ambayo hakuna programu inayoruhusiwa kuandika ndani yake. Ninatoa nakala, ninakata, ninapunguza, ninabana, lakini cha kwanza hakiguswi. Nilidhani nimejifunza somo kuhusu mafaili. Ilibidi nikutane na mama huyu nijue ni nini hasa kilikuwa kwenye zile pikseli 24 nilizozitupa kila nilipobakiza moja. Mtu hajui ni ipi iliyobeba mwanya.

## Simu ya kwenye droo

Nilimwomba dada anitafutie wale vijana wanne wengine wa kwenye picha. Wawili walikuwa nayo ileile ya kundi. Wa tatu hakukumbuka. Wa nne yuko Dodoma, akasema picha ilipigwa kwa simu yake ya zamani, kioo kilipasuka, iko kwenye droo kwa mama yake na haijawashwa tangu mwaka juzi.

Ilichukua wiki tatu. Kuipata chaja inayoingia, kuiwasha, kukumbuka mchoro wa kuifungulia. Nilimwelekeza kwa simu neno kwa neno: usiitume kama picha, tafadhali, itume kama faili, na usiipunguze, na usiikate, hata kama mmoja wenu kafumba macho.

Ikaingia Jumanne mchana. Pikseli 4000 kwa 3000.

Sikuifungua mara moja. Nilimaliza kumhudumia mteja wa fotokopi, nikafunga mlango nusu, nikakaa.

Uso sasa ulikuwa na pikseli 280. Nilisogea polepole mpaka kwenye mdomo. Mwanya ulikuwepo, pikseli 4, mweusi, umenyooka, umeelekea kushoto kidogo kuliko nilivyodhani. Na vilikuwepo vitu ambavyo hakuna aliyeviomba kwa sababu hakuna aliyejua vimepotea: kikovu kwenye nyusi, na kalamu aliyoichomeka ndani ya joho kama mtu anayetarajia kuandika kitu siku ya mahafali yake.

Kwa ajili ya arobaini nilitoa ya sentimita 20 kwa 25. Sikuikuza zaidi ya hapo. Ukisimama mita moja, ni yeye, na hakuna pikseli unayoiona. Mama alipokuja kuichukua hakuweka kidole popote. Aliitazama kwa muda mrefu, akaniuliza kama naweza pia kutoa ndogo, saizi ya pasipoti, ya kuweka ndani ya Biblia.

Naweza, nikasema. Nikaogopa papo hapo.

Milimita 35 kwa 45, pikseli 413 kwa 531. Kupunguza tena, wastani tena, uso uleule. Nilipiga hesabu kabla ya kugusa chochote: mwanya ungebaki na pikseli mbili na nusu. Nilipunguza kwa hatua moja tu, nikaongeza ukali kidogo sana, nikatoa kwenye karatasi nzuri niliyokuwa nimeitunza. Mama akavaa miwani, akaisogeza hadi karibu iguse pua.

Akacheka. Nikaona kwamba na yeye ana mwanya.

"Nitolee tano," alisema. "Nne za wale rafiki zake."